Ubavu Aliompa Nahashon

"Na kwani hii nyumba nzima hakuna mtu mwingine? Mwaka mzima nimekuomba Jumamosi moja, Bernardine, moja tu, ukanijibu hakuna mtu wa kushika shifti. Leo Krismasi imebaki siku nne, ndio unaniambia nipeleke mgonjwa kwa mchezo, nikae kwa kiti masaa mawili nikiangalia wazungu wakiigiza? Mimi si mtu wa michezo. Mimi ni mtu wa kuchoma nyama."

Bernardine hakutoa macho kwa kompyuta. Yeye ndiye mkubwa wa hiyo nyumba ya kutunza wagonjwa hapa Brooklyn Center, mama wa Bukavu aliyelea watoto sita kambini kabla aletwe Minnesota, na kelele ya mwanaume haijawahi kumtingisha hata kidogo.

"Papa Wanjala, écoute, sikiya. Papa Donlan njo alichagua weye. Mi sikutaya jina yako. Alisema anataka ule mwenye kusema mingi."

"Mimi nasema mingi?"

"Sasa unafanya nini?"

Wanjala akachukua funguo za vani ya kazi, ile yenye lifti ya viti vya magurudumu, akatoka nje akipiga teke theluji kama ndiyo imemkosea.

Sasa skiza. Hasira ya Wanjala haikuwa ya Bernardine. Ilianza mapema, saa moja asubuhi, wakati simu ililia na jina la Ian likatokea. Ian yuko Nyahururu. Ni mdogo wa Nahashon, na Nahashon ndiye rafiki ya Wanjala hapa Minnesota, rafiki wa kweli kweli, wa tangu walipokuwa wakipanda gari moja kwenda kubeba maboksi kwa ghala kule Shakopee, vidole vimeganda, wakigawana soksi.

"Uncle," Ian alisema. "Harusi ni Jumamosi ijayo. Baba hayuko, mama hayuko. Nani atasimama upande wetu? Nahashon hata akiongea kwa video dakika tano, inatosha. Umeshaongea na yeye?"

"Naendelea kumpoza," Wanjala akamjibu. "Unajua hasira yake. Pole pole."

"Ni miaka miwili, uncle."

"Pole pole, Ian."

Akakata simu. Uongo huo alikuwa ameusema mara nyingi mpaka ulikuwa umelainika mdomoni kama peremende. Lakini siku hiyo ulimkwaruza.

Mambo yalikuwa hivi. Sisi hatupeani habari ya kifo kwa simu. Mtu akifiwa na mzazi huko nyumbani, watu wa nyumbani hawampigii yeye. Wanampigia rafiki yake wa hapa. Rafiki anatafuta pasta, anatafuta akina mama wawili watatu wenye mikono ya kushika mtu, mnaenda mlangoni kwake pamoja. Akifungua tu, akiona sura zenu, anajua. Lakini akianguka, anaangukia watu. Mnamnyang'anya funguo za gari. Chai mnapika wenyewe jikoni kwake. Hiyo kazi haina malipo na hakuna mtu anaweza kuikataa.

Mwaka juzi, tarehe ishirini na tatu Desemba, saa nne asubuhi, Ian alimpigia Wanjala. Mama amelala. Tafadhali mwambie Nahashon, enda na watu, sisi tutangoja mpaka jioni yenu ndio tuweke picha kwa grupu.

Wanjala akasema sawa. Alilia kidogo ndani ya gari, hiyo ni kweli, kwa sababu huyo mama alikuwa akimtumia majani ya chai kila mtu akisafiri. Akatafuta namba ya pasta. Halafu akafikiria, kwanza nipate nguvu. Kulikuwa na jamaa fulani wa Brooklyn Park walikuwa wanachoma mbuzi kwa garaji. Akasema apitie pale, bia moja, halafu aende. Bia moja ikazaa nyingine. Watu wakamwita kwa jiko kwa sababu hakuna mtu anachoma kama yeye. Saa nane, mlango wa garaji ukapanda, na nani anaingia na koti jipya, anacheka? Nahashon.

Na Wanjala akamkumbatia. Akamkatia ubavu, ile sehemu nzuri yenye mafuta, akamwekea chumvi, akampa kwa mkono wake. Akajiambia, wacha kwanza ale. Mtu hapewi habari kama hiyo akiwa na njaa. Wakacheza. Nahashon alikuwa na mfupa mkononi na mkono wa Wanjala begani wakati simu ililia kwa mfuko wake, kwa sababu huko nyumbani tayari ilikuwa usiku, shangazi mmoja alichoka kungoja, akaweka ile picha kwa grupu: uso wa mama, maua, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa.

Nahashon alisoma nyama ikiwa bado mdomoni.

Hapo hapo Wanjala angeweza kusema. Lakini watu wote waligeuka, na Nahashon aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwani hawangetuma mtu?" Na mdomo wa Wanjala, wenyewe tu, ukajibu: "Hata mimi hawakunipigia."

Basi. Maneno matatu. Nahashon akaamini ndugu yake wa tumbo moja alimrushia kifo cha mama kwa picha kama tangazo la duka. Makaratasi yake hayakuwa yamekaa vizuri, hakuweza kusafiri, aliangalia mazishi kwa simu amekaa kando ya kitanda. Akamfungia Ian kwa simu na kila mahali. Naye Ian, Wanjala alimwambia theluji ilimchelewesha njiani, na Nahashon amekasirika kwa sababu picha iliwekwa haraka. Hivyo Ian amejilaumu miaka miwili, na Nahashon amemlaumu Ian miaka miwili, na katikati Wanjala anakula Krismasi kwa Nahashon kila mwaka, anachoma mbuzi, anaombea chakula. Mwaka jana Nahashon alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu Mbukusu ndiye ndugu yangu. Ile damu ingine niliacha." Wakapiga makofi. Wanjala alienda choo akafungua maji yakimbie ndio asisikike.

Sasa unajua kwa nini alikuwa anapiga theluji teke.

Mister Donlan alikuwa amevaa tai ya kijani na kofia. Ana miaka sabini na nane, aliendesha basi Saint Paul miaka thelathini na nne, sukari ikamchukua mguu mmoja, na mdomo wake hauna breki. Babu zake walitoka Ireland, na hiyo ndiyo sababu hakuna mtu angemzuia kwenda kuona mchezo wa kwao.

"Umechelewa," alimwambia Wanjala kwa Kiingereza chake cha kuburuta. "Nikikosa mwanzo, nitakufa kwa makusudi kwa shifti yako. Utajaza fomu mpaka Pasaka."

"Mzee, ukikufa leo nakufufua nikuue tena."

"Ndiyo maana nilikuchagua."

Ukumbi ulikuwa mdogo, ndani ya jengo la matofali Saint Paul, na nafasi ya kiti cha magurudumu ilikuwa mbele kabisa, pembeni, karibu na jukwaa mpaka unaweza kugusa viatu vya waigizaji. Wanjala akakaa hapo na koti lake, amekunja mikono, akisema kimoyomoyo wacha nilale.

Hakulala.

Jukwaani kulikuwa na jikoni ya watu wa kawaida, sinki, jiko la moto, mti wa Krismasi umeinama. Ndugu wawili walevi. Baba yao mzee amekaa kwa kiti kando ya moto, na dakika ya tano unagundua mzee amekufa. Amekufa asubuhi hiyo hiyo. Na dada yao anakuja kutoka Boston, hajaonana na baba miaka kumi na moja, yuko njiani kutoka airport. Ndugu wanakunywa moja ya nguvu, wanakunywa ya pili, wanakubaliana: tusimharibie Krismasi. Tumwambie baada ya chakula. Wakamvalisha mzee kofia ya karatasi. Wakamwekea glasi mkononi.

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Mister Donlan alikuwa anapiga paja lake zima kwa ngumi. Na Wanjala pia alicheka, kwa sauti, ile ya kwao Bungoma, kwa sababu ilichekesha kweli. Ndugu mkubwa anajibu kwa niaba ya maiti. Ndugu mdogo anamkata maiti nyama, halafu anaila mwenyewe.

Halafu dada akaingia. Hakuwa mtu wa kuchekesha. Alivua koti, akaenda moja kwa moja kwa baba yake, akasema, "Amelala?" Wakasema ndiyo, ana mafua. Akatoa zawadi kwa mfuko, soksi za sufi alizofuma mwenyewe. Akapiga magoti. Akaanza kumvalisha. Mguu wa kwanza, polepole, akinyoosha kisigino vizuri.

"Miguu yake ni baridi," akasema.

"Damu yake haitembei vizuri," ndugu mdogo akajibu.

Ukumbi wote ulicheka. Wote isipokuwa mtu mmoja.

Wanjala alisikia harufu ya mafuta ya mbuzi. Anaapa hata leo, aliisikia. Aliona ule mguu na soksi, akaona mdomo wa Nahashon na nyama, na huyo jamaa wa jukwaani alikuwa amesimama tu pale na glasi, anachekacheka, anangoja dada amalize soksi ya pili. Na kwa kanisa letu mhubiri akisema jambo mtu anajibu. Hivyo ndivyo tumezoea, hakuna mtu amekufundisha kunyamaza. Wanjala hakujua amesimama mpaka alisikia sauti yake mwenyewe:

"Mwambie! Wewe mshenzi, mwambie sasa! Atamvalisha soksi mpaka lini?"

Kwa Kiswahili. Mbele ya watu mia mbili.

Yule mwigizaji akamwangalia moja kwa moja, glasi hewani, na kwa sekunde kama tatu akasahau yeye mwenyewe anaigiza nani. Mama mmoja nyuma alisema "Oh my goodness." Kijana wa mlangoni akaanza kuja na tochi. Masikio ya Wanjala yakawaka moto. Alitamani sakafu ifunguke, alitamani awe yeye ndiye maiti na kofia ya karatasi.

Mister Donlan akainua mkono kumzuia yule kijana. "Yuko na mimi," akasema kwa sauti ya basi. "Endeleeni. Mwongo huyo alistahili kuambiwa."

Watu wakacheka, mchezo ukaendelea. Wanjala akakaa, uso ndani ya kofia yake. Hakuona mwisho vizuri, alisikia tu. Ndugu mdogo alimtoa baba yake kofia, akapiga magoti kando ya dada, akasema, "Amekufa tangu asubuhi. Tuliogopa." Kofi likalia. Halafu dada akasema, "Weka maji ya chai. Halafu unieleze yote, na usiruke hata dakika moja." Hapo taa zikazimwa, na watu wakasimama wakipiga makofi. Wanjala alibaki amekaa.

Ndani ya vani, joto likiwa bado halijashika, Mister Donlan akauliza, "Ulimwambia nini yule?"

Wanjala akamweleza. Yote. Ubavu, chumvi, koti jipya, yale maneno matatu, Ian na harusi. Hajawahi kumwambia mtu, hata pasta. Sijui kwa nini mzungu mwenye mguu mmoja ndiye alipewa. Labda kwa sababu mzee hakuwajua hao watu, hakuwa na upande.

Mister Donlan akavua kofia, akaiweka pajani.

"Wale wa jukwaani angalau walikuwa wawili," akasema. "Wewe ulifanya peke yako. Na sababu yako ilikuwa nini?"

"Nilitaka ale kwanza."

"Jaribu tena."

Wanjala akashika usukani. Theluji ilikuwa inapiga kioo. "Niliogopa. Na kulikuwa na bia. Na walikuwa wananisifu vile nachoma."

"Hiyo sasa nimeiamini," mzee akasema. "Ni aibu tupu, kijana. Anaishi wapi, huyo rafiki?"

"Hapo karibu na kwetu. Lakini Bernardine amesema nikurudishe saa kumi na moja, mzee. Ni sheria."

"Saa kumi na moja kwetu kuna supu ya boksi na kipindi cha kuuza sufuria. Endesha."

Mlango ulifunguliwa na Wairimu, mtoto wa kwanza wa Nahashon, miaka tisa, aliyepewa jina la yule nyanya aliyelala Nyahururu. Akamwangalia Wanjala, akaangalia kiti cha magurudumu, akageuka akapiga kelele, "Mom! It's Uncle Wanjala and some grandpa!"

Mumbi, mke wa Nahashon, akatoka jikoni na unga mikononi, anacheka tayari. "Shemeji! Mbuzi ni ya Jumatano, mbona umekuja na..." Halafu akaona uso wake. Cheko likakatika. Aliangalia nyuma ya Wanjala kama kuna pasta, kama kuna akina mama. Halafu, bila kusema, akanyoosha mkono ukutani akatoa funguo za gari za bwana yake kwa msumari, akazitia kwa mfuko wa aproni. "Ni nani?" akanong'ona. "Wanjala, ni nani amekufa?"

"Hakuna mtu, shemeji."

"Usinidanganye."

"Hapana. Leo hapana."

Nahashon alikuwa kwa kochi, na soksi, anaangalia mpira. "Mkuu wa majiko!" akaita. "Kuja ukae. Huyu mzee umeiba wapi?"

Wanjala hakukaa. Alijua akikaa atapewa chai, na akipewa chai hatasema. Akabaki amesimama kwa zulia na viatu vyake vya theluji, jambo ambalo hajawahi kufanya kwa nyumba ya mtu, maji yanamwagika, na akasema kama anatapika:

"Ian alinipigia. Siku ile. Saa nne asubuhi alinipigia akaniambia nikuje na watu. Ni mimi. Nilienda kwa garaji. Nikakunywa. Ukaja, nikakuona, sikusema. Ian hakukosea kitu. Ni mimi nilisema uongo, nimesema miaka miwili, kwako na kwake. Anaoa Jumamosi na hana mtu."

Mpira ulikuwa unaendelea kwa televisheni. Mumbi aliizima.

Nahashon hakusimama. Alikuwa anaangalia mikono yake, ameigeuza juu, kama kuna kitu alikuwa amekishika na sasa hakioni.

"Ulijua ukinipa nyama?" akauliza.

"Nilijua."

"Ile ya ubavu?"

"Ya ubavu."

"Ukaweka na chumvi."

"Nahashon..."

"Nimekuuliza. Uliweka chumvi?"

"Niliweka."

Ungefikiri atapiga mtu. Wanjala mwenyewe alikuwa anangoja, alikuwa anataka kabisa, kofi moja la kumwondolea angalau robo. Halikuja. Nahashon aliinuka kama mzee, akachukua simu yake mezani, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Kufunga polepole hivyo kuliuma kuliko kofi.

Huko Kenya ilikuwa saa nane ya usiku. Ukuta wa hizo nyumba ni karatasi. Wakasikia simu ikilia, ikilia, halafu sauti ya Ian kwa spika, imejaa usingizi na woga: "Nahashon? Nahashon, ni nani amekufa?"

Na Nahashon akaanza kulia. Si kilio cha kuongea. Kile ambacho kilipaswa kutoka mwaka juzi akiwa ameshikwa na watu.

Mumbi alimpa Mister Donlan chai kwa kikombe cha wageni, na mandazi mawili. Wanjala hakupewa. Alisimama pale pale kwa maji ya viatu vyake, na hakuna mtu alimwambia kaa, hakuna mtu alimwambia toka, mpaka mzee alimaliza akasema asante. Mumbi ndiye alifungua mlango.

"Krismasi usikuje, shemeji," akasema. Bado alimwita shemeji, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mwaka huu usikuje."

Walikuwa tayari kwa lifti ya vani wakati Nahashon alitokea mlangoni bila koti, simu bado iko sikioni. Wanjala aligeuka haraka.

"Mbuzi nitachoma mwenyewe," Nahashon akasema, akafunga.

Bernardine alimuandikia Wanjala barua ya onyo kwa kuchelewa dakika hamsini, naye akaitia sahihi bila kubishana, mara ya kwanza katika historia ya hiyo nyumba. Jumatano alishika shifti ya mtu. Jumamosi Ian alioa. Wanjala hakutumiwa video. Aliona picha moja tu kwa grupu: bwana harusi amesimama, na pembeni yake shangazi ameshika simu juu, na ndani ya simu, kadogo sana, uso wa Nahashon na tai. Hiyo picha amebaki nayo. Hajasamehewa, na haulizi.

Sasa wewe unayesoma. Usinitikisie kichwa hapo. Kuna habari uliambiwa umpelekee mtu na bado unamngoja ashibe. Kuna uongo umekaa katikati ya watu wawili na uliuweka wewe. Weka hii chini, vaa viatu, nenda kwa mlango wake. Usipitie mahali. Usikae ukifika. Mwambie.